Jinsi kuondolewa kwa kitufe kimoja kulivyowatatiza watumiaji wa tarakilishi

MNAMO Oktoba 26, 2012, kampuni ya Marekani ya Microsoft ilianza kuuza mfumo endeshi wa tarakilishi uitwao Windows 8. Mtumiaji aliyeuwasha kwa mara ya kwanza hakulakiwa na lile eneokazi alilolizoea, lenye picha ndogo za mafaili na makabrasha. Alikutana na skrini iliyojaa vigae vya rangi mbalimbali. Na hata alipofaulu kulifikia eneokazi na kutupa jicho kwenye pembe ya chini kushoto, hakukiona kitufe cha 'Start'.

Kitufe hicho kilikuwa kimekaa mahali pale kwa miaka 17. Kuondolewa kwake kulizua malalamiko kote duniani, kukailazimu kampuni hiyo kubwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kukawaachia wanaounda na wanaotumia tarakilishi mafunzo ambayo yangali na umuhimu hadi leo.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia shughuli zote za tarakilishi. Ndio unaopokea maagizo kutoka kwa kibodi na kipanya, kugawa kumbukumbu miongoni mwa programu, kuhifadhi mafaili na kuamua kitakachoonekana kwenye skrini. Karani anayeandika barua au mhasibu anayejumlisha hesabu huenda asiufikirie hata kidogo. Huukumbuka tu siku unapobadilika.

Asili ya kitufe cha 'Start'

Kitufe hicho kilizaliwa pamoja na mfumo wa Windows 95, uliozinduliwa Agosti 24, 1995. Katika matoleo yaliyoutangulia, programu zilipangwa ndani ya madirisha yaliyoweza kufunikana. Mtu aliyefungua programu mbili au tatu mara nyingi alidhani kwamba ile ya kwanza imepotea, kumbe ilikuwa imejificha chini ya nyingine.

Waundaji wa Windows 95 waliwaalika watu wasio na ujuzi wa tarakilishi na kuwatazama wakijaribu kutekeleza kazi ndogondogo. Iligunduliwa kwamba tatizo lao la kwanza lilikuwa kutojua pa kuanzia. Ndipo kikawekwa kitufe chenye neno moja tu, lenye maana ya 'anza', na kando yake upau wa kazi ulioonyesha kila programu iliyokuwa wazi.

Mpango huo ulidumu. Ulipita katika Windows 98, Windows XP ya 2001, Windows Vista ya 2007 na Windows 7 ya 2009. Rangi na maumbo yalibadilika, lakini mahali pa kuanzia hapakubadilika. Kwa sababu hiyo, kizazi kizima cha makarani, walimu, wanafunzi na wahudumu wa saiba kilijifunza tarakilishi kwa kuanzia pembe ya chini kushoto, wala si Kenya pekee.

Sababu za mageuzi

Microsoft haikuleta mageuzi hayo kwa pupa tu. Aprili 2010, kampuni ya Apple ilianza kuuza iPad, na watu wengi wakaanza kufanya kwa kidole mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa kipanya. Ilionekana kwamba tarakilishi ya mezani ingesukumwa kando na vifaa vyepesi vya kubebwa mkononi. Microsoft, ambayo faida yake ilitegemea mno tarakilishi za kawaida, haikutaka kuachwa nyuma.

Chini ya uongozi wa Steven Sinofsky, aliyesimamia kitengo cha Windows, kampuni hiyo iliamua kuunda mfumo mmoja utakaotumika kwenye tarakilishi za mezani, vipakatalishi na tableti. Vigae vikubwa vilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi kuguswa kwa kidole. Baadhi yake vilionyesha habari zilizobadilika, kama vile hali ya hewa, barua mpya na miadi ya siku.

Aidha, kampuni ilitumia takwimu zilizokusanywa kutoka kwa tarakilishi za watumiaji waliokubali kufuatiliwa. Zilionyesha kwamba menyu ya 'Start' ilikuwa ikitumiwa kwa nadra kuliko zamani, kwa kuwa wengi walikuwa wamebandika programu zao kwenye upau wa kazi. Hitimisho lililofikiwa ni kwamba menyu hiyo ingeweza kuondolewa bila madhara makubwa.

Hapo ndipo hesabu ilipokwenda mrama. Takwimu zilieleza ni mara ngapi watu walibofya kitufe, lakini hazikueleza kitufe chenyewe kilikuwa na thamani gani kwao. Mlango wa dharura katika jengo huenda usifunguliwe mwaka mzima, lakini hakuna anayethubutu kuuziba kwa matofali. Kwa mtumiaji wa kawaida, kitufe cha 'Start' kilikuwa ndiyo njia ya kurudia mwanzo kila alipopotea.

Kazi rahisi zilivyogeuka mafumbo

Mfano uliotajwa sana ni ule wa kuzima tarakilishi. Katika Windows 7, mtumiaji alibofya kitufe cha 'Start', kisha neno la kuzima likawa papo hapo mbele yake. Katika Windows 8, ilimbidi asogeze kipanya hadi pembe ya kulia ya skrini, angoje upau uliofichwa ujitokeze, achague alama ya mipangilio, abofye alama ya umeme, na hatimaye achague kuzima. Ambaye hakuelezwa habari za pembe hiyo hakuwa na namna ya kuigundua, kwa maana hapakuwa na alama yoyote ya kumwonyesha.

Ugumu wa pili ulitokana na kuwepo kwa mazingira mawili ndani ya mfumo mmoja. Kulikuwa na programu mpya zilizojaza skrini nzima na programu za zamani zilizofunguka kwenye eneokazi. Kivinjari cha Internet Explorer kilikuwa na sura mbili, moja kwa kila upande. Mipangilio nayo iligawanywa: mingine ilipatikana katika ukurasa mpya, mingine ikabaki kule kwa zamani. Mtu aliyetaka kubadilisha jambo dogo alilazimika kwanza kukisia liko upande gani.

Tatu, programu mpya hazikuwa na alama ya kufungia iliyozoeleka kwenye pembe ya juu kulia. Ili kuifunga, mtumiaji alipaswa kuishika kwenye ukingo wa juu na kuiburuta hadi chini ya skrini. Kitendo hicho ni chepesi kwa kidole kwenye tableti, lakini kwa kipanya mezani ni kazi isiyo na maana.

Kiini cha matatizo haya ni tofauti kati ya kutambua na kukumbuka. Mfumo unaoonyesha vitufe vyake wazi humruhusu mtumiaji kutazama, kutambua na kubofya. Mfumo unaovificha humlazimu kukariri. Windows 95 ilifaulu kwa kumpunguzia mgeni mzigo wa kukariri, ilhali Windows 8 ilimrudishia mzigo huo huo.

Isitoshe, mazoea ya kazi hukaa mikononi. Mpiga chapa mzoefu hatazami kibodi, wala karani mzoefu hafikirii mahali pa kubofya. Mpangilio unapobadilishwa, mkono huenda palepale pa zamani na kukuta patupu, na kazi iliyokuwa ikifanyika bila kuwazwa huanza upya kudai mawazo. Mtu wa aina hii hajasahau kazi yake wala hajawa mjinga. Ameondolewa tu chombo ambacho alitumia miaka mingi kukimudu.

Lugha pia haikuwa dawa. Windows 7 na Windows 8 zote zilikuwa na vifurushi vilivyowawezesha watumiaji kusoma menyu kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo iliwafaa wasiomudu Kiingereza, lakini isingeweza kumsaidia mtu kupata kitu kilichofichwa. Upau usioonekana hausomeki kwa lugha yoyote.

Malalamiko na marekebisho

Wauzaji wa programu nyingine waliona nafasi ya biashara. Kampuni ya Stardock ilianza kuuza programu ya Start8 kwa dola tano hivi za Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kurudisha kitufe na menyu yake. Programu nyingine, Classic Shell, ilifanya hivyo bila malipo. Watu walikuwa wakinunua mfumo mpya, kisha wanatafuta jinsi ya kuupa sura ya mfumo wa kale.

Novemba 12, 2012, wiki chache tu baada ya uzinduzi, Microsoft ilitangaza kwamba Bw Sinofsky anaondoka. Julai 2013 kampuni hiyo ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kutokana na tableti yake ya Surface RT, iliyotumia tawi la Windows 8 lisiloweza kuendesha programu za zamani. Mwezi uliofuata, Afisa Mkuu Mtendaji Steve Ballmer alitangaza kwamba atastaafu.

Marekebisho yalikuja kwa awamu. Oktoba 17, 2013, toleo la Windows 8.1 lilitolewa bila malipo kwa waliokuwa na Windows 8. Lilikirudisha kitufe, lakini kilipobofywa kilimpeleka mtu kwenye vigae vilevile. Lilimruhusu pia mtumiaji kuamua kwamba tarakilishi yake ifungukie eneokazi moja kwa moja. Aprili 8, 2014, kitufe cha kuzima kiliwekwa mahali pa kuonekana kwenye skrini ya vigae, na programu mpya zikapewa alama ya kufungia.

Menyu kamili ilirejea katika Windows 10, iliyozinduliwa Julai 29, 2015. Microsoft iliruka nambari tisa. Menyu mpya ilichanganya mambo mawili: orodha ya programu kwa mtindo wa zamani upande wa kushoto, na vigae vichache upande wa kulia. Watumiaji wa Windows 7 na Windows 8.1 walipewa mwaka mmoja wa kuuchukua mfumo huo bila malipo.

Kenya ilikuwa na nafasi ya pekee katika uzinduzi huo. Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji 13 duniani iliyochaguliwa kwa sherehe za siku hiyo. Afisa Mkuu Mtendaji mpya, Satya Nadella, alikuwa nchini na alizuru Nanyuki, ambako mradi wa Mawingu ulikuwa ukisambaza intaneti kupitia masafa ya televisheni yasiyotumika, huku vifaa vyake vikiendeshwa kwa nishati ya jua.

Hatari ya kung'ang'ania ya kale

Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, na wapo waliouchukua ushauri huo neno kwa neno. Kwa kuchukizwa na vigae, wengi waliamua kubaki na Windows 7, na wengine na Windows XP. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki kwa muda. Hata hivyo, mfumo endeshi haufanani na mkeka. Hauchakai kwa kukaliwa, ila huwa hatari unapoachwa bila kuzibwa mianya yake.

Kila mfumo huwa na makosa ya kiusalama yanayogunduliwa baada ya kuuzwa. Mtengenezaji huyarekebisha kwa kutoa visasisho. Anapotangaza mwisho wa huduma, visasisho hukoma, lakini wahalifu hawakomi kutafuta mianya. Windows XP ilifikia mwisho huo Aprili 8, 2014, Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020, na Windows 8.1 Januari 10, 2023.

Madhara yalionekana wazi Mei 12, 2017, wakati programu hasidi ya WannaCry iliposambaa katika mataifa mengi, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kisasisho cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa Machi 14 mwaka huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliotumia mifumo iliyokwisha kuachwa. Hali ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft, kinyume na desturi yake, ilitoa kisasisho hata kwa Windows XP.

Funzo hapa lina pande mbili. Mageuzi yanayowachosha watumiaji huwafukuza kwenye usalama, kwa sababu anayeogopa sura mpya huahirisha pia marekebisho yaliyo ndani yake. Nao watumiaji wanaokataa kila jipya huishia kulipa gharama kubwa kuliko ile ya kujifunza.

Hali ilivyo sasa

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 5, 2021, ilileta tena mabadiliko ya sura, japo si makali kama ya 2012. Kitufe cha 'Start' kilihamishiwa katikati ya upau wa kazi, vigae vikaondolewa, na menyu inayojitokeza kwa kubofya upande wa kulia wa kipanya ikafupishwa. Safari hii watumiaji waliachiwa mlango wazi: anayetaka kitufe kirudi kushoto anaweza kukirudisha kupitia mipangilio ya upau wa kazi.

Kizuizi kikubwa cha Windows 11 kiko kwenye vyuma vyenyewe. Mfumo huo unahitaji kumbukumbu ya angalau gigabaiti nne, hifadhi ya gigabaiti 64, prosesa isiyo ya zamani sana, na kidude cha usalama kinachojulikana kama TPM 2.0. Tarakilishi nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazitimizi masharti hayo, hata kama zinafanya kazi vizuri.

Jambo hili linagusa moja kwa moja shule, ofisi ndogo na saiba zinazotegemea tarakilishi zilizokwisha kutumika kwingine. Huduma za bure kwa Windows 10 zilikoma Oktoba 14, 2025. Microsoft ilianzisha mpango wa visasisho vya ziada vya usalama kwa watumiaji wa kawaida, uliopangwa kuendelea hadi Oktoba 13, 2026, kwa ada ya dola 30. Wanaokubali kuunganisha mipangilio ya tarakilishi zao na akaunti ya kampuni hiyo hawatozwi ada hiyo. Njia nyingine ni kuweka mfumo wa Linux, ambao matoleo yake mengi hayauzwi na huendeshwa na tarakilishi za zamani, ingawa nao humdai mtumiaji ajifunze upya.

Kwa mwenye saiba, swala hili si la sura ya skrini tu. Wateja huja kwake kujaza fomu za ushuru za iTax, kuomba vyeti kupitia eCitizen na kuandika maombi ya kazi. Nambari zao za siri na za vitambulisho hupitia mashine hizo hizo. Mfumo usiolindwa unamweka hatarini mteja ambaye hakushauriwa wakati wa kuuchagua.

Namna ya kuzoea mfumo mpya

Jambo la kwanza ni kuhifadhi nakala ya mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kubadilisha mfumo. Pili ni kuchunguza kama programu za kazini, hasa za uhasibu, na vifaa kama vile printa, vinakubaliwa na mfumo huo. Ofisi yenye tarakilishi kadhaa hufanya vyema kuanza na moja, na kuziacha nyingine hadi matatizo yajulikane.

Tatu ni kutegemea kibodi. Sura ya skrini hubadilika, lakini amri nyingi za kibodi zimebaki zilezile kwa miaka mingi. Kitufe chenye nembo ya Windows hufungua menyu katika matoleo yote ya sasa. Kikishikwa pamoja na herufi E, makabrasha hufunguka. Pamoja na D, eneokazi huonekana. Na pamoja na L, tarakilishi hujifunga hadi nenosiri liandikwe. Alt pamoja na F4 hufunga programu. Hata katika Windows 8, waliozifahamu amri hizi hawakutaabika sana.

Nne, kitu kisipoonekana kitafutwe kwa jina. Tangu Windows Vista, mtumiaji anaweza kubonyeza kitufe cha Windows na kuanza kuandika jina la programu au faili analolitaka. Njia hii haijali kitu kimehamishiwa wapi.

Tano, walimu wa tarakilishi wana wajibu wa kubadilisha namna ya kufundisha. Mwanafunzi aliyekaririshwa kubofya kushoto chini, kisha mstari wa tatu, hukwama mara tu mstari huo unapohamishwa. Aliyefundishwa kwamba faili huhifadhiwa ndani ya kabrasha, kwamba programu hufunguliwa na kufungwa, na kwamba kila mfumo una mahali pa mipangilio, atauliza tu ni wapi mambo hayo yalipo katika mfumo alionao. Atachelewa siku mbili tatu, lakini hatakwama.

Waajiri nao wanahimizwa wasitarajie kasi ileile katika wiki za kwanza. Karani anayepunguza mwendo baada ya mfumo kubadilishwa anajifunza huku akifanya kazi, na ukurasa mmoja wa maelezo ubandikwe kando ya tarakilishi unaweza kumwokolea saa nyingi.

Kwa upande wa waundaji, kisa cha Windows 8 kilithibitisha kwamba mfumo unaotumiwa na mamilioni ya watu haumilikiwi na aliyeuunda peke yake. Kila aliyejifunza kuutumia amewekeza humo muda na juhudi. Ukihamisha alichokizoea, mwonyeshe ulikokipeleka.